Tamaraki, aspeni au betula: mbao ipi ifae baraza la nje?

Mgeni wa Thunder Bay: Salaam, wana jukwaa. Naishi Thunder Bay, Ontario, Kanada, na nataka kujenga baraza nyuma ya nyumba kabla theluji haijaanza. Mpasua mbao wa jirani anauza mbao za miti ya huku, yaani tamaraki (jamii ya msonobari), aspeni na betula (miti ya majani mapana), kwa bei nafuu, kwa kuwa wanunuzi wengi hukimbilia sprusi, mti mwingine wa jamii ya msonobari. Nichague ipi?

Fundi Randa: Ndugu yangu, swali halijakamilika. Nguzo zitagusa udongo? Kutoka nguzo hadi nguzo ni futi ngapi? Mbao ni kavu au mbichi? Mbao zikiwa kavu, tamaraki huhimili mpindo wa takriban megapaskali (kipimo cha nguvu kwa eneo) 80 kabla ya kuvunjika, betula 85 na aspeni 58. Hata hivyo betula, pamoja na nguvu zake zote, huoza upesi ikikaa kwenye unyevu.

Mama Kibao: Msiidharau aspeni. Ni nyepesi, haitoi vibanzi vya kuchoma ngozi wala haiunguzi mwili ikipata joto, ndiyo maana Wafini huitumia kwa mabenchi ya sauna. Mimi ningeitandaza sakafuni, ndani.

Mzawa wa Njombe: Kaka, tamaraki ni imara, lakini sikiliza yaliyonipata. Nilinunua mbao mbichi za futi 12, nikazipanga uani bila vijiti vya kuzitenganisha wala mawe ya kuzigandamiza. Nyuzi za mti huu mara nyingi huzunguka shina, kwa hiyo zilipokauka zilijisokota kama kamba. Nilipolaza moja sakafuni, kona yake ilisimama vidole vinne juu. Zilizonyooka nazo zilipasuka nilipopigilia misumari bila kutoboa kwanza kwa keekee. Nilizoea msonobari wa kwetu, unaosamehe makosa.

Fundi Randa: Hilo ni kosa la ukaushaji, Mzee, si la mti. Isitoshe, tamaraki iliyokua polepole kwenye kinamasi huwa na pete za mwaka (duara za ukuaji ndani ya shina) zilizosongamana, na hiyo ndiyo imara.

Mzawa wa Njombe: Sikubali. Wingi wa pete si kipimo cha nguvu. Tazama upana wa sehemu nyeusi ndani ya kila pete.

Mgeni wa Thunder Bay: Nisameheni kwa kuchelewa. Nguzo zitafukiwa ardhini, na miti ilikatwa mwezi uliopita.

Mama Kibao: Basi ni mbichi kabisa. Muulize mpasua mbao kama nguzo za tamaraki ni za kiini, sehemu ya katikati ya shina, kwa sababu mbao ya pembeni, karibu na gome, haistahimili kuoza.

Mgeni wa Thunder Bay: Nitamuuliza kesho, Dada. Na ile betula, inafaa kuni?

Fundi Randa: Inafaa sana, ila ipasue mapema, maana gome lake halipitishi maji na gogo zima huozea ndani.