Kesi ya ulaghai wa ploti: tumepewa nusu ya ushahidi

Mwanaploti
Wadau, hamjambo. Mshtakiwa tunayemtetea amekana mashtaka katika mahakama ya Milimani, Nairobi: kujipatia pesa kwa udanganyifu, kifungu cha 313 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya. Ploti ni ya Ruai. Hati ya mashtaka ina mashahidi saba. Tumepewa maelezo ya wanne na kurasa mbili za taarifa ya benki. Kesi inasikilizwa baada ya wiki tatu. Kiongozi wa mashtaka anasema mengine "yatakuja". Tungoje?

Kizimba
Msingoje. Katiba, kifungu 50(2)(j), inampa mshtakiwa haki ya kujulishwa ushahidi mapema na kuufikia. Na tangu Mahakama ya Rufaa ilipoamua kesi ya Cholmondeley mwaka 2008, mashtaka hutakiwa kutoa hata kile wasichonuia kukitumia, ikiwa kinaweza kumfaa mshtakiwa.

Mwandikieni kiongozi wa mashtaka barua, nakala kwa mpelelezi, igongwe muhuri wa kupokelewa. Msiombe "ushahidi wote", mtajibiwa mmeshapewa. Tajeni kimoja kimoja: maelezo ya wale watatu, nakala ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), kwani mlalamishi hubadilisha kiasi cha pesa kati ya OB na maelezo, taarifa ya benki ya kipindi chote (kurasa mbili zaonyesha pesa zikiingia, si zikirudishwa), ripoti ya mtaalamu wa mwandiko pamoja na sahihi za mfano alizolinganisha. Ripoti tupu huwezi kuihoji. Kisha ombeni kesi itajwe mapema, hakimu atoe amri yenye tarehe.

Shahidi wa Nane
Usisahau simu. Mazungumzo ya WhatsApp yaliyochapishwa yanahitaji cheti cha kifungu 106B cha Sheria ya Ushahidi: kinaeleza rekodi ilivyotolewa, kifaa gani, na kusainiwa na anayehusika na kifaa hicho. Ulizeni cheti sasa, ila pingamizi litolewe pale shahidi anapotaka kuwasilisha karatasi zile. Wengi hulikumbuka kwenye mawasilisho ya mwisho, na hapo zimeshapewa nambari ya kielelezo, yaani zimeshapokewa kama ushahidi.

Mwanaploti
Na wakileta maelezo mapya asubuhi ya kesi?

Kizimba
Hilo halivunji kesi. Katika kesi ya Apaa, 2012, Mahakama Kuu ilisema utoaji wa ushahidi huendelea hata kesi ikiwa imeanza. Ombeni muda wa kusoma kabla shahidi hajaapa. Kama maelezo yanamgusa shahidi aliyekwisha kuhojiwa, ombeni aitwe tena chini ya kifungu 150 cha sheria ya taratibu za kesi za jinai. Ninyi hamlazimiki kuwaonyesha utetezi wenu. Cholmondeley ilisema hilo pia.

Mwanaploti
Shukrani. Sahihi za mfano hazikuwa kwenye orodha yetu, naziongeza.