Tupeane uzoefu: Uliyehama Kilimanjaro kwenda Arusha au kwingine, nini kilikutoa?

Wakuu, kila mmoja aseme alitoka wilaya gani na akahamia wapi. Sensa ya 2012 iliikuta mikoa yetu inakaribiana: Kilimanjaro watu 1,640,087, Arusha 1,694,310. Mwaka 2022 Kilimanjaro ilikuwa na 1,861,934, Arusha 2,356,255. Uzazi una sehemu yake, ila kuhama kwetu nako kumo.

Naanza. Ni mtu wa Uru, Moshi Vijijini, wa tatu kati ya wavulana watano. Kimila mkubwa hupewa kihamba chake (shamba la ukoo la migomba na kahawa) na kitinda mimba hurithi nyumba ya baba. Sisi wa katikati tujitafutie. Mzee alijitahidi akanimegea kipande: mistari mitatu ya migomba, mibuni michache iliyozeeka pembeni, hata banda la ng'ombe halienei. Nikashuka Arusha, Kwa Mrombo, nikafungua duka la spea za bodaboda. Kiwanja nimepata huku. Nyumbani napenda kuliko kokote, lakini mapenzi hayalishi watoto.

Wa Tambarare: Same kwetu tatizo si udogo wa shamba, ni mvua. Mahindi yanakauka yakiwa yanatoa mbelewele, mwaka hadi mwaka. Nilikwenda Mererani, mkoa wa Manyara, kutafuta tanzanite. Sikupata jiwe, nikapata mke na genge la mboga. Nipo.

Mama Tarakea: Mimi mwanamke, habari za kihamba hazikunihusu tangu mwanzo. Nilitoka Rombo nikaja Moshi mjini, nauza mitumba soko la Memorial. Mleta mada, wa aina yangu tumehama wilaya tukabaki mkoa uleule, kwa hiyo kwenye hizo jumla zako hatuonekani kabisa. Angalia wilaya kwa wilaya ndipo utaona nani anamwagika na nani anapokea.

Mleta mada: Kweli kabisa dada, hilo sikuligusa.

Kijana wa Machame: Muongeze na hili: sensa ya 2022 ilihesabu watu pale walipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Njoo kwetu Desemba uone magari yalivyojaa hadi kwenye vichochoro vya migombani! Agosti mama yangu yupo na msichana wa kazi tu, na majani ya ng'ombe ananunua kwa sababu hakuna wa kwenda kuyakata. Mimi niko Njiro, Arusha, namtumia hela kila mwezi. Wenzangu mliowaacha wazazi peke yao huko juu, mnapangaje zamu?