Mrejesho: wale mlionishauri vitabu vya matukio ya kweli
Wakuu nimerudi. Kwa wasiojua, niliuliza nianze na kitabu gani cha matukio ya kweli maana riwaya zilishanichosha, mkanipa majina kibao, nimemaliza viwili.

In Cold Blood ya Truman Capote nimeimaliza siku tatu, familia ya watu wanne inauawa Kansas 1959, wauaji unawajua mapema kabisa na bado kitabu hakiachiki. Kilichoniudhi ni kuja kujua kwamba kile kipande cha mwisho pale makaburini alikitunga tu, sasa ukweli gani huo jamani?

Ila kilichonimaliza kabisa ni With the Old Breed cha Eugene Sledge, askari wa Marekani aliyepigana Vita vya Pili vya Dunia kwenye visiwa vya Peleliu 1944 na Okinawa 1945, jamaa alikuwa anaandika vinoti vyake ndani ya Agano Jipya dogo alilotembea nalo, kitabu kikaja kutoka 1981. Hasifii vita hata kidogo, ni tope, harufu ya maiti na woga mwanzo mwisho, kuna kurasa nilifunga kitabu nikaenda kutembea kwanza.

Nilidhani za vita ndo zitaniboa, kumbe ndo nazitaka sasa. Za mauaji napumzika, nilishaanza kuziota.