Waliowahi kupanda treni ya mvuke ya reli nyembamba huko milimani, tupeane uzoefu

Jicho_Moja: Wakuu, jana nimepita kwa fundi chuma anachoma makaa ya mawe, ile harufu imenigonga puani nikarudi Darjeeling kule India pale pale. Reli ya kule ina upana wa milimita 610 tu, yaani unaivuka bila kutanua miguu. Kichwa cha treni chenyewe kidogo utasema cha kuchezea, ila mlima unapokaza kinahema unakionea huruma. Mbele kabisa wanakaa watu wawili wanamwaga mchanga kwenye reli kwa mkono, kidogo kidogo kama mtu anaonja chumvi, ili magurudumu yasiteleze. Mimi nikatoa kichwa dirishani niwaone vizuri. Chembe ya masizi ikaingia jichoni, nikapikicha, ndio nikaharibu kabisa. Tumefika stesheni ya Ghum, mita 2,258 juu, wenzangu wanapiga picha mimi nalia jicho moja. Na wewe yalikukuta nini?

MamaKicheko: Masizi hayaaa 😂😂 nilivaa shati jeupe mie

Bwela: Ushauri wa bure, kaa behewa la mwisho. Kwenye kona unakiona kichwa kule mbele kinatoa moshi, picha zinajipiga zenyewe.

Kona_Kali: Bwela usipotoshe watu. Behewa la kwanza ndio penyewe, unasikia kila pumzi ya injini, dereva akifungua mvuke unausikia mpaka kifuani. Huko mwisho si bora ukae nyumbani uangalie video.

Bwela: Ule masizi basi, nani kakuzuia

Ngedere: Mimi nilipanda ile ya Ujerumani inayokwea mlima Brocken, stesheni ya juu iko mita 1,125. Tuliondoka chini kuna jua, juu ukungu mtupu, sikuona hata kidole changu. Nilifurahi hivyo hivyo.

Kona_Kali: Hiyo ni reli ya upana wa mita moja mkuu, mada inasema nyembamba.

Mzee wa Gadi: Kijana tulia. Nyembamba ni yoyote iliyo chini ya milimita 1,435, upana wa reli ya kawaida. Reli ya zamani ya Afrika Mashariki nayo ni mita moja, na juu yake vilipita vichwa vya mvuke aina ya Garratt vya daraja la 59, tani mia mbili hamsini na ushee, kila kichwa kina jina la mlima. Nenda makumbusho ya reli Nairobi ukaione Mount Gelai halafu urudi uniambie ni nyembamba au nene.

Kona_Kali: Shikamoo mzee, nimekubali

Nimeachwa: Hapo kwenye masizi mna bahati. Mimi nimeachwa na treni. Reli yenyewe siitaji. Tulikuwa tumeingia korongoni huko, upande huu mwamba upande ule mto, barabara hakuna, nyumba hakuna, treni ikasimama kujaza maji. Fayamani, yule mchochea moto wa injini, kapanda juu anavuta lile bomba la tenki, gadi anasema dakika kumi. Mimi na kamera yangu nikateremka mtoni nipate mto na moshi kwenye picha moja, na hizo dakika nazihesabu kwa hisia maana saa sina. Nikasikia honi mbili, nikadhani wanatusalimia, nikapunga mkono!! Kuja kushtuka mabehewa yanatembea. Nimepanda lile tuta kwa mikono na magoti, kokoto zinateleza zote zinarudi na mimi chini, nafika juu behewa la mwisho linakata kona. Nikakimbia juu ya mataruma, yale magogo yanayoshikilia reli. Jamani mataruma hayakupimwa kwa miguu ya binadamu, ukikanyaga kila moja unatembea kama bibi harusi, ukiruka moja unachanika msamba. Nikachoka nikarudi kwenye tenki nikakaa. Simu iko kwenye begi, begi liko kwenye treni. Kimya. Nasikia mto na lile bomba linadondosha maji, to, to, to. Nikaanza kuwaza wanyama. Baada ya muda reli zikaanza kuimba kwa mbali, moyo ukalipuka, nikajua treni nyingine inakuja, kumbe kiberenge, kile kigari kidogo cha reli! Watu wawili, na pampu ya maji na makoleo. Mmoja ananiuliza taratibu, "wewe ni wa treni ile?" Nikapakiwa katikati ya makoleo. Tulipoifikia treni mke wangu amelala, hajui hata kama sikuwemo.

Chumvi_Nyingi: Chai. Kiberenge kitokee tu porini?

Mzee wa Gadi: Si chai. Injini ya makaa inatupa cheche, nyasi kavu zinashika. Baadhi ya reli za milimani zina kiberenge cha doria kinachofuata nyuma ya treni kuzima moto kabla haujawa mkubwa. Durango kwenda Silverton kule Colorado wanafanya hivyo, ingawa siku hizi vichwa wamevigeuza vinachoma mafuta.

MamaKicheko: Mimi kiberenge nimeelewa, mke kulala ndio sijaelewa

Ngedere: Alikuwa anapumzika dada, acha 😂

Kona_Kali: Kama hakujua, begi alikuwa analinda nani?

Nimeachwa: Begi alilifanya mto. Simu yangu ilikuwa chini ya shavu lake.

Jicho_Moja: Wakuu turudi kwenye masizi, nasafiri tena mwezi ujao. Nifanyeje?

Bwela: Usipikiche, mwagia maji safi. Kama unavaa lenzi zitoe kabla ya kupanda. Handaki likikaribia funga dirisha.

Kona_Kali: Ukifunga dirisha umepanda nini sasa

MamaKicheko: Vaa nyeusi tupu kama mimi siku hizi

Chumvi_Nyingi: Miwani ya kuchomelea vyuma, umemaliza

Nimeachwa: Na saa ya mkononi.