MJADALA: Simu ni yangu, kazi ni ya ofisi. Bando na kioo alipe nani?

Wadau, habari za mchana. Nina jambo naomba tulijadili kwa uzito wake.

Mimi ni afisa mikopo, nipo Mbeya. Siku ya kwanza kazini, kuhusu vifaa niliulizwa swali moja tu: "Una simu janja?" Nikasema ninayo. Tangu hapo simu yangu ikawa ya ofisi. Programu ya marejesho imo humo, magrupu manne ya WhatsApp ya kazi yamo humo. Kila mteja anayeomba mkopo nampiga picha yeye, kitambulisho chake cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa na dhamana anazoweka: friji, cherehani, wakati mwingine hadi kitanda. Bando nanunua mwenyewe.

Mwezi wa nne simu ilinidondoka nikiwa kwenye bodaboda natoka kwa mteja, kioo kikapasuka. Ofisini nikaambiwa simu ni mali binafsi. Nikaipeleka kwa fundi Mwanjelwa. Akaniomba namba ya siri ili akijaribu kioo kipya, nikamtajia. Nimesimama pale namwona anafungua picha aangalie kama rangi ziko sawa, na iliyotokea ni kitambulisho cha mama mmoja muuza ndizi wa Uyole. Jina, tarehe ya kuzaliwa, namba, vyote vinasomeka. Inayofuata ni picha ya mwanangu. Yule mama alitupatia kitambulisho chake apate mtaji, hakukitoa kisomwe na fundi simu. Niliona aibu ambayo hadi leo haijanitoka.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Anayezikusanya ni kampuni, zinakokaa ni mfukoni mwangu.

Kwenye gharama, jibu tunalopewa ni kwamba bando ungenunua tu hata bila kazi. Hoja hiyo ilishafika mahakamani huko California, Marekani, mwaka 2014. Mahakama ya rufani ikasema mwajiri anayemlazimu mtu kupiga simu za kazi kwa simu yake lazima amrudishie sehemu ya bili, hata kama bili ingekuwa ileile bila kazi. Sheria yao si yetu, lakini hoja yenyewe inatugusa.

Msimamo wangu: mwenye kazi ndiye mwenye gharama. Karibuni.

Mchangiaji, mwajiri:
Mkuu, pole kwa kioo. Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi na vijana sita wa mauzo. Niliwahi kuwanunulia simu. Ndani ya miezi mitano mbili zimepotea, moja imeuzwa, zilizobaki zinaachwa nyumbani maana hakuna anayetaka kubeba simu mbili. Sasa nawapa hela ya bando kila Jumatatu. Msituweke waajiri wote kapu moja.

Mwanzisha mjadala:
Mkuu, nashukuru, na hela ya bando unayotoa wengi wetu hatujawahi kuiona. Kwenye simu mbili nakubaliana nawe. Lakini simu nyingi siku hizi zinaingia laini mbili. Kampuni isajili laini kwa jina lake, mfanyakazi aiweke kwenye simu yake, akiondoka airudishe. Mwenzangu aliacha kazi mwaka jana, hadi leo wateja wanampigia saa nne usiku kumwambia rejesho la kesho halijapatikana, kwa sababu namba waliyonayo ni yake. Na picha za vitambulisho ziende kwenye programu ya ofisi moja kwa moja, zisibaki kwenye simu ya mtu.

Kwenye kioo bado hatujaelewana. Kijana wako akidondosha simu akiwa saiti anahesabu nondo za mteja wako, unamlipia? Naomba unijibu hilo.