Pentium G4560 au FX-6300: ipi ina thamani zaidi?

Swali: Ndugu, nimepata kompyuta mbili zilizotumika, za bei moja: moja ina kichakataji (ubongo wa kompyuta) cha Intel Pentium G4560 ya mwaka 2017, nyingine AMD FX-6300 ya mwaka 2012. Kwa kazi za ofisi nichague ipi?

Jibu la kwanza: Chukua Pentium. Ina viini (vitengo vinavyofanya hesabu ndani ya kichakataji) 2 dhidi ya 6 vya mwenzake, lakini kila kiini chake hufanya kazi nyingi zaidi katika kila mzunguko, nazo programu za ofisi hutegemea zaidi kiini kimoja. Tena imekadiriwa wati 54, si 95, na haihitaji kadi ya picha.

Jibu la pili: Nakubali, ingawa kwa kuchakata video nisingeidharau FX. Hata hivyo, ubao mama wa Pentium kwa kawaida hupokea hata Core i7-7700, kichakataji chenye nguvu zaidi.