Naomba ushauri: nachora makauboi kwa rangi za mafuta, farasi wangu wanaelea hewani

Brashi_ya_Dar
Habari zenu wakuu. Mimi ni Mtanzania, naishi Fort Worth, Texas, mwaka wa tatu sasa. Kabla ya kuja huku nilichora Tingatinga Dar kwa miaka tisa, kwa hiyo brashi si ngeni mkononi mwangu. Ila kazi niliyopata sasa imenizidi kimo.

Jirani yangu, mzee mfuga farasi, ameniagiza picha ya sebuleni: makauboi wakiswaga ng'ombe wa pembe ndefu kutoka Texas kwenda Kansas kwa njia ya Chisholm, miaka ya 1870. Anataka uhalisia mtupu, rangi za mafuta kwenye turubai, upana sentimita 150. Ameshanilipa nusu.

Nimepanga makauboi watano, farasi wote wanakwenda shoti, miguu ya mbele imenyooka mbele na ya nyuma imenyooka nyuma. Mbingu tayari, farasi wawili tayari. Shida ni kwamba farasi wanaelea. Nikirudi nyuma hatua tano naona kama stika zimebandikwa. Miguu nimeirudia mara nne. Mke wangu naye kasema, "Hawa hawajakanyaga chini." Usiku silali vizuri.

Halafu kuna hili: mbingu niliitanguliza kwa rangi ya makopo ya kung'aa, ile niliyoizoea kwenye Tingatinga, ili ikauke upesi. Sasa rangi ya mafuta inateleza juu yake. Nisaidieni.

Mama_Turubai (Mombasa)
Pole mwanangu. Nianze na hiyo rangi ya makopo, maana ndiyo itakayoiua picha. Ikishakauka inakuwa kama kioo, rangi ya mafuta haipati pa kujishikiza. Leo inateleza, baada ya miaka itabanduka vipande vipande sebuleni kwa mteja. Nunua turubai jingine. Najua inauma, lakini umefika farasi wawili tu.

Lipige jeso, ile rangi nyeupe ya kutayarisha turubai, mikono miwili. Anza na kahawia iliyozimuliwa kwa tapentaini, nyembamba kabisa, upange giza na mwanga. Mafuta ya kitani uyaongeze kadiri unavyopanda tabaka. Ukigeuza mpango, ukaweka mafuta mengi chini, la juu litakauka kabla ya la chini na picha itapasuka kama tope la bwawa wakati wa kiangazi. Na mwambie mzee mapema kwamba vanishi ya mwisho inasubiri miezi 6 au zaidi, asije akadhani unamzungusha.

Kwato_Nne
Mkuu, miguu iliyonyooka mbele na nyuma kwa pamoja ndiyo kosa lako la pili. Usijilaumu, walioifanya hivyo ni wengi. Mchoraji Mfaransa Géricault aliwachora farasi wa mashindano ya Epsom, Uingereza, mwaka 1821 wakiwa hivyo hivyo, na picha iko makumbusho ya Louvre, Paris, hadi leo. Mwaka 1878 kule Palo Alto, California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia na kumpiga picha farasi akienda shoti. Ikaonekana kwamba farasi hupaa kweli, kwato zote nne zikaachana na ardhi, ila wakati huo miguu imekunjwa chini ya tumbo. Ikinyooka, kwato moja au zaidi ipo ardhini. Zitafute picha hizo, uzichore kwa penseli mara hamsini kabla ya kugusa rangi.

Mswahili_wa_Dallas
Ndugu, unaishi Fort Worth na hujaenda makumbusho ya sanaa ya Amon Carter? Kiingilio bure! Nenda kaione picha kubwa ya mchoraji Mmarekani Frederic Remington ya mwaka 1889, wapanda farasi wanane wanakimbilia miti huku wakifukuzwa na Waapache, wenyeji asilia wa huku. Upana wake unapita mita 2. Wapo farasi pale ambao kwato zote nne ziko hewani, na bado hawaelei. Simama hapo hadi ujue kwa nini. Sikuambii jibu, nataka ulione kwa macho yako.

Ukitoka hapo pitia Stockyards, mtaa wa soko la zamani la mifugo hapo hapo Fort Worth. Kila siku wanapitisha ng'ombe wa pembe ndefu barabarani, saa 5:30 asubuhi na saa 10 jioni, na wapanda farasi pembeni. Beba daftari.

Mzee_Mfugaji
Wanangu, nina swali. Hao farasi wanakimbilia wapi?

Nimefuga ng'ombe maisha yangu yote. Ng'ombe wa kuuza hakimbizwi, anapungua nyama. Na njia ya Chisholm ndivyo ilivyokuwa: kundi la ng'ombe 2,000 au zaidi, watu kumi na kitu, kilomita 16 hadi 24 kwa siku, wanatembea huku wanakula majani. Shoti ni pale kundi liliposhtuka usiku kwa radi. Mteja wako ni mfuga farasi, atakiona hicho kabla ya rangi. Watembeze. Farasi anayetembea haachi ardhi kabisa, nusu ya shida yako itaisha hapo.

Binti_Houston
Naongeza moja, naomba ulichukulie kwa uzito. Makauboi wako watano ni Wazungu wote? Wanahistoria wengi hukadiria kwamba karibu mmoja kati ya wanne katika njia hizo alikuwa mtu mweusi, na Wameksiko walikuwa wengi. Lile neno laso, kamba ya kunasia ng'ombe, lenyewe limetoka kwao. Bose Ikard alizaliwa mtumwa, akaja kuswaga ng'ombe na mfugaji mkubwa wa Texas, Charles Goodnight, na kaburi lake liko Weatherford, magharibi mwa hapo ulipo. Goodnight mwenyewe alimwekea jiwe la kumbukumbu. Umesema uhalisia mtupu, basi huu nao ni uhalisia.

Brashi_ya_Dar
Wakuu, nimerudi. Nilikwenda Amon Carter Jumamosi, nikasimama mbele ya ile picha karibu saa nzima.

Ni kivuli. Chini ya kila farasi kuna kivuli cha rangi ya samawati iliyoingia zambarau, kimelala juu ya ardhi ya manjano iliyopauka, na vumbi linafukuka kwenye kwato. Kwato iko juu, kivuli kiko chini, jicho linapima lenyewe umbali uliopo katikati. Miaka tisa nimechora wanyama juu ya rangi moja tambarare, hawana ardhi, hawana kivuli, na kwenye Tingatinga ndivyo wanavyopendeza. Kumbe niliwahamisha farasi na mazoea yangu yote. Nilikuwa narekebisha miguu, kumbe kilichokosekana ni ardhi.

Mzee Mfugaji, shikamoo. Nilimuuliza jirani kuhusu shoti, akasema alikwishaiona kwenye mchoro wa kwanza, akaona aibu kunisahihisha kazi yangu.

Turubai jipya lina jeso tayari. Makauboi sasa ni watatu, wanatembea. Aliye mbele kabisa ya picha ndiye yule wa mkiani mwa kundi, anayekula vumbi la wenzake wote. Ni mtu mweusi, kitambaa kimemfunika pua na mdomo, macho tu ndiyo yanaonekana, nyusi zimepauka kwa vumbi. Dada wa Houston, jirani alipouona ule mchoro wa penseli alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nisimpunguze hata kidogo.

Mama, swali la mwisho: vumbi nilipake likiwa tabaka jembamba juu ya miguu iliyokwisha kukauka, au nilichanganye rangi ikiwa bado mbichi?

Mama_Turubai (Mombasa)
Acha miguu ikauke kwanza. Kisha chukua brashi kavu, rangi kidogo sana, upitishe kama unafuta meza. Na usizifunike kwato zote, acha moja ionekane vizuri ikikanyaga.